Tuta la reli ya karanga: Mtwara, Nachingwea, Lindi

Jumatatu, Mtwara

Mtwara ilichorewa barabara za mji ambao haukufika. Ukitoka Ligula kushuka Shangani asubuhi, pembeni ya lami kuna nafasi ya kuchungia mbuzi, na mbuzi wapo. Wapimaji wa mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wanatayarisha mlango wa kutolea karanga ambazo Waingereza walipanga kulima Jimbo la Kusini: bandari ya kina kirefu, reli, maghala, na viwanja vya watu wengi kuliko waliokuja. Sensa ya 2012 ilikuta watu 108,299 manispaa nzima, Mikindani ikiwemo. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu 5,383,728, na Kariakoo mtu hapitishi mkokoteni bila kugombana na wawili watatu kabla hajamaliza mtaa. Mwenye nafasi ya tramu hana abiria, mwenye abiria hana nafasi. Hilo ndilo nililokuja nalo likizo.

Kazi yangu ni reli. Mjomba naye utoto wake ulipita kando ya reli ya Kusini, kwa kuwa babu alikuwa kibarua wa gengi la matengenezo ya njia. Ameniomba tuifuate mpaka Nachingwea maadam magoti bado yanamtii. Binamu yangu Issa ana pikapu ya kubebea korosho, na msimu wa korosho haujaanza, kwa hiyo hana kisingizio.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, hiyo tramu unayoihangaikia ni treni au ni basi?"

Nikamwambia ni treni ya mjini. Reli zake zimezama barabarani zikalingana na lami, juu umepita waya wa umeme, na kwenye makutano inafuata taa.

"Na lori likiegeshwa mbele yake?"

"Inapiga kengele, inasubiri."

"Basi haina maana. Bajaji angalau ingelizunguka."

Nimekaa vikao vya wahandisi vilivyokula asubuhi nzima kabla ya kufika hapo. Tramu isiyo na njia yake ni daladala ya bei mbaya isiyoweza kukwepa. Ndiyo maana mji unaojenga tramu leo huanza kwa kunyang'anya magari sehemu ya barabara, na ugomvi wa kwanza huwa hapo, kabla hata ya chuma kushushwa bandarini. Issa akashika mwisho wa futikamba, mimi nikaivuta mpaka kwenye mfereji. Njia mbili za tramu, ya kwenda na ya kurudi, zinataka mita 7 hivi. Zilipatikana pembeni bila kugusa lami wala mwembe. Mbuzi tu ndio wangehama.

Kilichonichelewesha mjini ni mtaro. Karibu na soko vijana walikuwa wanachimba kupitisha bomba la maji, na mmoja wao alikuwa ameacha sururu, anakwangua udongo kwa kipande cha nondo, taratibu, kama anayetafuta hirizi. Nikamuuliza anaogopa nini. Akanionyesha: chini kidogo bomba jeusi la plastiki, pembeni yake kebo iliyoviringishwa utepe mwekundu uliopauka, chini zaidi bomba la chuma lenye kutu ambalo hakuna aliyejua kama bado lina maji. Ramani? Akacheka. "Ramani ni mzee mmoja, na amestaafu."

Hapa ndipo pesa za tramu zinapozikwa, na msomaji anayedhani gharama iko kwenye mabehewa yanayong'aa aje atazame mtaro huu. Huwezi kumwaga zege la reli juu ya bomba ambalo kesho litapasuka, kwa sababu kulitengeneza kutakulazimu usimamishe treni za mji mzima. Kwa hiyo kila bomba na kila kebo iliyo chini ya njia huhamishwa kwanza. Edinburgh, mji wa Uskoti wenye mitaa ya mawe ya zamani, waliingia humo na bajeti ya pauni milioni 545, wakakuta chini vitu ambavyo michoro haikuvitaja, wakagombana na wakandarasi mpaka kazi ikasimama. Tramu ilianza kubeba watu mwezi Mei 2014, ikiwa na kilomita 14 tu, fupi kuliko ilivyoahidiwa, kwa pauni milioni 776. Uchunguzi wa kujua nini kiliharibika ulitoa ripoti yake Septemba 2023. Kuchunguza nako kukachukua miaka mingi kuliko kujenga.

Kuna jambo jingine la chini ya ardhi ambalo Mjomba alilikataa kabisa. Umeme wa tramu, mara nyingi volti 750, unashuka kwa waya, unaendesha mota, halafu unarudi kituoni kwa kupitia reli zenyewe. "Kwa hiyo mvua ikinyesha watu wote wa barabarani wanakufa." Hawafi: reli iko karibu na usawa wa ardhi kiumeme, ukiikanyaga hupati kitu. Anayeumia ni bomba. Umeme kidogo huvuja kutoka kwenye reli, ukapata bomba la chuma la jirani, ukalitumia kama njia ya mkato, na pale unapotoka kwenye bomba unaondoka na chuma chake. Baada ya miaka bomba linatoboka na hakuna anayeelewa kwa nini. Siku hizi reli huvishwa mpira kabla ya kuzamishwa kwenye zege. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye atapanda bajaji.

Jumanne, Mikindani hadi Mkwaya

Kuchele! Tumeondoka mapema. Mikindani tulipita bila kushuka, Boma la Wajerumani liko juu kilimani na wageni wachache wa kupiga picha. Livingstone aliingilia bara kutokea hapa mwaka 1866, kwa miguu na kwa ngamia na nyumbu ambao wengi walimfia. Issa akasema angesubiri reli.

Tuta tulilikuta tulipoacha lami. Ukiwa hujui unachotafuta utaona njia nzuri tu ya bodaboda, imenyooka ajabu katikati ya mikorosho, imeinuka kidogo kuliko mashamba ya pande zote mbili. Ni mwezi wa kupulizia salfa, na majani yalikuwa na vumbi la manjano, harufu yake inakaa kooni. Njia za miguu za kwetu hazinyooki hivyo. Huzunguka kichuguu, hukwepa kaburi, hupitia kwa shangazi. Hii haikumpitia mtu yeyote.

Mjomba aliteremka, akaanza kutembea akihesabu kwa fimbo mahali mataruma, vilalio vya reli, yalipokuwa. Mataruma yenyewe hayapo. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuma kikang'olewa, lakini vipande vilibaki kwa wenyeji: kwenye nyumba moja kizingiti cha zizi ni reli, imelala, kichwa chake kimesuguliwa na kwato kikang'aa. Nikaweka kidole gumba. Wembamba wake ulinishangaza. Ilikuwa reli ya mita moja kutoka chuma hadi chuma, kipimo kilekile cha reli ya kati ya Mjerumani. Tramu nyingi za sasa zinatumia milimita 1,435, sawa na ile treni ya umeme iliyoanza kwenda Morogoro mwaka 2024, na reli ya kuzamishwa barabarani ina mfereji juu yake ili ukingo wa gurudumu upite bila kugusa lami. Mfereji huo ndio adui wa waendesha baiskeli dunia nzima. Tairi likiingia humo, wewe unaendelea bila baiskeli.

Mkwaya ni kijiji kwenye mkono wa bahari unaoingia kutoka Lindi, mikoko na tope. Watu wengi huku wanaamini reli ilianzia Mtwara. Ilianzia hapa. Waingereza walikuwa na haraka, bandari ya Mtwara bado ni michoro na vumbi, wakashusha vifaa kwa matishari kwenye gati hii, na mwaka 1949 njia ikawa imefika Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ilifunguliwa 1954. Karanga zilikuwa zimeshakufa miaka mitatu kabla. Mjomba alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akala ming'oko na pilipili, hakusema lolote juu ya hilo. Alisema tu kwamba kwenye treni aliyoikumbuka yeye, abiria wengi walikuwa kuku.

Jumatano, bonde la Lukuledi

Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi. Lami nzuri, hakuna la kusimulia sana. Karibu na Nyangao ndipo palipopiganwa vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, na katika kampeni hiyo jeshi la Waingereza lilitandika reli nyembamba ya vigari kutoka upande wa Lindi kupeleka chakula na risasi. Kwa hiyo bonde hili limeshawekewa reli zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye haja alikuwa mtu wa mbali.

Vigari vya kusukuma vilikuwepo Mombasa pia, tangu mwishoni mwa karne ya 19: reli ya upana wa futi mbili kutoka mji wa kale hadi Kilindini, bwana amekaa kwenye benchi chini ya turubai, watu wawili nyuma wanamsukuma kwa mbio. Ile nayo ni tramu ya pwani hii ukitaka kuhesabu. Mjomba akauliza waliosukuma walilipa nauli ngapi.

Tumelala Masasi.

Alhamisi, Nachingwea

Hapa ndipo reli ilipokuwa inakwenda, na ukifika unaelewa kwa nini haikudumu. Si kwamba mji ni mbaya. Nachingwea ina soko, ina miti, ina historia nzito ya wapigania uhuru wa Msumbiji waliofunzwa hapa na kuondoka na bunduki zao. Ila reli haikuletwa kwa ajili ya wakazi wake. Mpango ulioidhinishwa London mwaka 1946 ulitaka kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku Kusini, kwa sababu Uingereza baada ya vita haikuwa na mafuta ya kupikia. Walileta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Kongwa udongo uligeuka saruji kiangazi na mizizi ikavunja majembe. Januari 1951 serikali yao ikauvunja mpango, imepoteza pauni milioni 36.

Reli ikabaki, haina mzigo. Ikapelekwa mpaka Masasi mwaka 1958, ikasomba korosho na katani na hao kuku. Hesabu hazikukubali. Ninachokitazama mimi kama mtu wa reli ni mpangilio wa kazi: chuma kilitangulia, wa kukitumia wakasubiriwa. Waliotandika njia walikuwa mafundi hodari, matuta yao bado yamesimama baada ya mvua za miaka sitini na zaidi. Walikosea swali.

Kwenye karakana ya mhunzi nyuma ya soko tulikuta fuawe yake ni kipande cha reli, urefu wa mkono, kimesimamishwa kwenye gogo. Alikuwa anafua shoka. Akatuachia tulipige nyundo tusikie linavyolia. Nikamweleza tunavyounga reli za tramu: unaacha pengo dogo kati ya vipande viwili, unafunga kalibu ya udongo kuzunguka pengo, juu unaweka chungu chenye unga wa alumini uliochanganywa na kutu ya chuma, unawasha. Alumini inapora oksijeni ya kutu kwa hasira, chuma kinayeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, kinashuka kujaza pengo. Dakika chache umekwisha. Kinachobaki ni kupasua kalibu na kusaga mpaka kidole kisione maungio. Kwa hiyo tramu haigongi ka-tang, ka-tang. Mhunzi aliuliza swali moja tu, la kihunzi: unga huo unauzwa wapi? Nikamwambia huagizwa nje. Akarudi kwenye shoka lake.

Swali lake lilinipeleka Addis Ababa. Nimepanda treni yao ya mjini, nikaipenda na nikasikitika. Ilifunguliwa Septemba 2015, njia mbili, vituo 39, imejengwa na kampuni ya Kichina kwa dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya China. Mwanzoni nauli ilikuwa kati ya birr 2 na 6, na watu walijaa mpaka milango ikakataa kufunga. Abiria hawakuwa tatizo, wala waliochagua njia hawakukosea. Tatizo ni kwamba treni zilikuwa 41, na miaka michache baadaye nyingi zililala karakana zikingoja vipuri vinavyolipiwa kwa dola, wakati nauli inaingia kwa birr, tena birr kidogo. Sehemu kubwa ya njia pia imezungushiwa uzio au kuinuliwa juu ya nguzo, kwa hiyo mama anayetaka kuvuka kwenda dukani ng'ambo anatembea mpaka kwenye kivuko. Mji uliokuwa mmoja umekatwa.

"Kwa hiyo wao walikuwa na watu, sisi tulikuwa na tuta," Mjomba akasema.

"Ndiyo."

"Na wote treni imesimama."

Nikamwambia ya Addis haijasimama, inakwenda kwa upungufu. Akasema hata yeye anakwenda kwa upungufu.

Ijumaa, njiani

Pancha mbili kabla ya Ruangwa. Ibada ya Ijumaa tuliipata njiani, halafu Nanganga, halafu Mnazi Mmoja usiku. Mjomba alilala safari yote, nasi hatukumwamsha.

Jumamosi, Lindi

Lindi ilikuwa makao makuu ya jimbo mpaka Mtwara ilipopewa bandari, na wazee wa hapa bado wanaisimulia habari hiyo kama ya jana. Mji umebanwa kati ya ghuba na vilima, mitaa myembamba kuliko ya Mtwara, na alfajiri ina msongamano wake halisi: watu wanaovuka kutoka Kitunda kuja sokoni, hospitalini, ofisini.

Mjomba alinitaka nimweleze mahali ambapo tramu imefaa. Nikamtajia Casablanca, Moroko. Njia ya kwanza ilifunguliwa Desemba 2012, kilomita 31, vituo 48. Waliipitisha kwenye vitongoji vilivyojaa watu wa kipato cha chini, mpaka vyuoni, mpaka katikati ya mji, pale ambapo mabasi na teksi za kuchangia zilikuwa zinagombania abiria tayari. Boulevard Mohammed V ikafungiwa magari kwa sehemu, ikaachiwa tramu na waendao kwa miguu. Wenye maduka walilia wakati wa ujenzi. Tramu zake zinaunganishwa mbili mbili, urefu wa mita 65, zinabeba watu zaidi ya 600 kwa dereva mmoja. Basi refu la mwendokasi, lile la mita 18, linabeba kama 150, na njia zake za kwanza za Dar, kilomita 20.9, zilianza Mei 2016. Usichague tramu kwa sababu inapendeza. Ukiona barabara ambayo hata mabasi marefu yakifuatana hayamalizi foleni ya watu, hapo ndipo chuma kinapoanza kulipa. Pungufu ya hapo, tandika lami, weka basi, mpe basi njia yake.

Na sakafu. Hili halimo kwenye hotuba za uzinduzi. Sakafu ya tramu ya kisasa iko sentimita 35 hivi juu ya reli, na jukwaa la kituo limejengwa kulingana nayo, unaingia kama unavyoingia chumbani. Siku hizi zote nimekuwa nikimsukuma Mjomba kupanda pikapu, Issa akimvuta kwa juu. Kilichomfanya aisamehe tramu habari ya umeme ni sakafu.

Nikampa daftari. Kazi ya kwanza ya kujenga tramu, kabla ya mkopo na kabla ya ramani ya mabomba, ni mtu kukaa pembeni na kuhesabu: nani anatoka wapi, saa ngapi, anakwenda wapi. Haina heshima kazi hii, hupewa vijana wa vyuo. Mjomba alikaa kwenye gogo karibu na mahali abiria wa Kitunda wanaposhukia, akaanza kupiga vijiti, vinne na cha tano kukata. Alikuwa mkali. Kijana aliyeshuka akarudi kuchukua kofia hakumhesabu mara ya pili.

Halafu akashuka mama mmoja na mtoto mgongoni, beseni la samaki kichwani, ndoo mkononi. Kalamu ikasimama.

"Huyu ni mmoja au wawili?"

"Mmoja. Wa mgongoni halipi nauli."

"Na beseni?"

"Beseni halihesabiwi, Mjomba. Tunahesabu watu."

"Basi mtajenga gari lisilo na pa kuweka beseni, na huyu mama atapanda bodaboda." Akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika juu ya safu mpya, kwa herufi kubwa, MIZIGO. Kufikia saa mbili safu hiyo ilikuwa imeipita ya watu.